Tuchague Klipu Zisizoshika Kutu kwa Boti Zetu

Leo sitazungumzia mbegu wala mbolea wala wadudu. Nitazungumzia kitu kidogo sana, kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, nacho ni klipu ya kubania mpira wa maji. Ile ya mkanda wa chuma unaozunguka mpira, yenye skrubu ya kukazia. Na sizungumzii klipu yoyote tu, nazungumzia ile inayofungwa kwenye boti ya mashine inayokwenda kwenye maji ya chumvi.

Pengine utaniuliza: "Bwana shamba, boti imeingiaje kwenye kilimo?" Swali zuri. Wakulima wa delta ya Rufiji wanajua jibu. Wakulima wa Mafia wanajua, na wale wa mwani kule Unguja na Pemba wanajua pia. Mpunga unavunwa, nazi zinaanguliwa, mwani unakaushwa, lakini lori halifiki. Soko liko ng'ambo ya maji. Kwa mkulima wa huko boti ni sehemu ya shamba lake, kama lilivyo jembe. Jembe likivunjika, kazi inasimama. Lakini boti ikipasuka katikati ya maji, haisimami kazi peke yake. Basi tusikilizane.

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Mwaka 2021, wakati wa kusi, nilisafiri na kikundi cha wakulima kutoka kijiji kimoja cha delta kwenda Nyamisati. Boti ilikuwa mali yao wenyewe, ya mbao, injini ya dizeli imefungwa ndani. Tulikuwa watu tisa na magunia 22 ya mpunga, pamoja na nazi. Tulipotoka kwenye mikoko na kuingia maji mapana, mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na injini akasema: "Nahodha, mbona magunia ya chini yamelowa?"

Nahodha akafunua ubao. Maji yalikuwa yamekwisha kujaa chini ya injini. Mpira unaoingiza maji ya bahari ya kupozea injini ulikuwa umechomoka, na maji yanaingia kwa nguvu kama bomba la mjini. Nahodha akazima injini, akashika koki iliyo kwenye tundu la boti, nayo ilikuwa ngumu, haijafungwa kwa muda mrefu. Ilibidi aikamate kwa koleo la fundi kwa mikono miwili ndipo ikazunguka. Sisi wengine tulishika ndoo na madebe, tukateka maji na kumwaga bila kusemezana. Baadaye nahodha aliurudisha mpira mahali pake, akaufunga kwa waya, tukafika Nyamisati taratibu.

Watu wote walifika salama. Lakini magunia sita yalikuwa yamekunywa maji ya chumvi, na mnunuzi aliyakataa. Manne kati ya hayo yalikuwa ya mama yule aliyetushtua.

Tulipofika tuliiokota ile klipu chini ya injini. Mkanda wake ulikuwa unang'aa kama kijiko kipya. Skrubu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imekatika. Na sasa niwaambieni kilichoniuma: klipu ile niliinunua mimi. Kikundi kilinituma mjini, nikaingia dukani, nikaona klipu zinang'aa, mwenye duka akasema hizi hazishiki kutu, nikalipa nikaondoka. Mama yule hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Sasa bwana shamba, ile isiyoshika kutu ni ipi?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo nililowaletea.

Kwanza tuelewe hatari yenyewe. Mpira wa maji ya kupozea injini umefungwa kwenye tundu lililo chini ya usawa wa maji. Tuseme tundu lina upana wa milimita 25, na liko nusu mita chini ya usawa huo. Mpira ukichomoka, zitaingia lita 50 hadi 70 kila dakika. Debe moja linachukua lita 20. Maana yake ni madebe mawili na nusu hadi matatu na nusu kwa dakika moja, na hayapumziki. Kwa saa moja ni tani tatu za maji au zaidi. Boti iliyobeba mpunga haiwezi kuongezewa tani tatu ikaendelea kuelea. Na kinachozuia maji hayo yote ni klipu ile ndogo.

Sasa kwa nini klipu zioze? Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita. Chumvi hiyo ni adui mkubwa wa chuma. Chuma cha kawaida hupakwa zinki ili kukikinga. Zinki ni kama koti: kwenye maji ya chumvi huliwa kidogo kidogo, unaona unga mweupe, na koti likiisha chuma kinaanza kutu nyekundu.

Kuna chuma kingine ambacho mafundi wanakiita stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Ndani yake kimechanganywa madini ya kromiamu. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba mno, haionekani kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo kinga. Ukikikwaruza chuma hicho, ngozi hujitengeneza tena, mradi hewa ipo.

Shikeni maneno hayo: mradi hewa ipo. Stenlesi inahitaji hewa ili ijitibu. Sasa, ni mahali gani kwenye klipu ambapo hewa haifiki? Ni ndani ya kijumba cha skrubu, na pale mkanda unapolalia mpira wenye unyevu. Maji ya chumvi hujipenyeza humo yakatulia, hewa ikawa haba, ngozi ikashindwa kujitengeneza, na chuma kikaanza kuliwa vishimo vishimo. Ndiyo sababu klipu inaweza kung'aa juu huku imekwisha kuoza chini. Usiihukumu klipu kwa mkanda wake. Ihukumu kwa skrubu yake na kwa upande usiouona.

Haya, sasa twende dukani. Chukua kalamu na karatasi, au mwambie mtoto aandike.

Klipu nyingi hutengenezwa kwa kufuata kipimo cha Kijerumani kinachoitwa DIN 3017. Juu ya mkanda au kwenye kijumba cha skrubu utakuta chapa ya herufi W na nambari. Ziko tano.

W1 ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, mkanda na skrubu. Kwenye boti ya baharini usiiguse.

W2 ni mkanda wa stenlesi, lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Hii ndiyo iliyotutia msibani. Inang'aa, inavutia, na mwenye duka anaweza kuiita stenlesi bila nia ya kukudanganya, kwa sababu mkanda kweli ni stenlesi. Lakini mkanda hauwezi kubana kitu ikiwa skrubu imekatika.

W3 ni stenlesi yote, lakini ya daraja la chini. Ni bora kuliko W2, ila kwa maji ya bahari haitoshi.

W4 ni stenlesi yote, mkanda, kijumba na skrubu, ya aina inayoitwa 304. Hiyo inafaa kwa maji baridi, na kwa sehemu za boti zilizo juu ya maji zinazorukiwa na chumvi mara moja moja.

W5 ni stenlesi yote ya aina ya 316. Hii imeongezewa madini yanayoitwa molibdeni, sehemu mbili hadi tatu katika kila mia. Molibdeni hiyo inaisaidia kupambana na chumvi, hasa kwenye zile pembe zisizopata hewa. Kwa mpira wowote ulio chini ya usawa wa maji ya bahari, tafuta W5.

Narudia kwa yule aliyekuwa ananoa kalamu: W1 hapana. W2 hapana. W3 haitoshi. W4 kwa maji baridi. W5 kwa bahari.

Klipu nyingine hazina herufi W. Zimeandikwa 304 au 316. Hapo muulize mwenye duka: nambari hii ni ya mkanda tu, au na skrubu pia? Kama hajui, au klipu haina maandishi yoyote, tumia sumaku. Hata kipande cha sumaku kilichotoka kwenye spika mbovu ya redio kinatosha. Kigusishe kwenye mkanda, kisha kigusishe kwenye skrubu peke yake. Stenlesi ya 304 au ya 316 haivutwi, au inavutwa kidogo sana kwa sababu ilikunjwa kiwandani. Kama sumaku inanata kwenye skrubu kwa nguvu, irudishe klipu kabatini kwake.

Lakini tusiipe sumaku kazi isiyoiweza. Sumaku haitenganishi 304 na 316, zote mbili huziacha. Kwa hiyo sumaku ni ya kukataa klipu mbaya, siyo ya kuthibitisha klipu bora. Kwa kuthibitisha, tafuta chapa, na ununue kwa mtu anayeuza vifaa vya boti, ambaye kesho utamkuta mahali pale pale.

Ipo na njia ya nyumbani. Kabla kikundi hakijanunua klipu nyingi, nunueni moja. Itieni kwenye chupa yenye maji ya bahari yanayoifunika nusu. Kila siku itoeni ikauke kidogo, kisha irudisheni. Fanyeni hivyo kwa wiki mbili. Skrubu ya chuma cha zinki itaanza kujisema yenyewe: unga mweupe kwanza, kisha wekundu. Ni afadhali ioze ndani ya chupa kuliko ndani ya boti.

Ukishaikubali chuma yake, angalia umbo lake. Klipu nyingine mkanda umetobolewa matundu ambamo meno ya skrubu hupita. Matundu hayo huula mpira unapokaza, na mkanda wenyewe hupenda kukatika penye matundu. Nyingine mkanda haukutobolewa, meno yamechorwa kwa kugandamizwa, na upande wa ndani ni laini. Kingo zake zimepinda juu kidogo ili zisikate mpira. Chagua hiyo ya pili. Upana wa mkanda huwa milimita 9 au 12. Kwa mpira mnene wa maji ya bahari chukua wa milimita 12.

Na kipimo je? Kila klipu imeandikwa inabana kuanzia wapi mpaka wapi, kwa mfano milimita 20 hadi 32, au 25 hadi 40. Pima mpira kwa nje, siyo kwa ndani, ukiwa umevikwa kwenye bomba lake. Kisha chagua klipu ambayo kipimo chako kinaangukia katikati. Mpira wenye milimita 32 kwa nje utakaa vizuri kwenye klipu ya 25 hadi 40. Ukichukua klipu kubwa mno, mkia wa mkanda unabaki mrefu, nao unakata kama wembe. Nimeona mkono wa fundi uliochanwa hivyo.

Sasa tufunge. Kabla ya yote utazame mpira wenyewe. Kama umepasuka, umekuwa mgumu kama gome, au umelainika kama ndizi mbivu, klipu nzuri haitauokoa. Kata sehemu mbovu au nunua mpira mpya. Futa mchanga na mafuta kwenye bomba.

Chini ya usawa wa maji weka klipu mbili, siyo moja. Skrubu zake zitazame pande mbili, moja huku na nyingine kule, ili mbano uwe sawa pande zote. Ila angalia urefu wa bomba lililoingia ndani ya mpira. Klipu zote mbili lazima zilalie juu ya bomba. Kama bomba ni fupi na klipu ya pili imeangukia mpira mtupu, itaukata mpira kwenye ncha ya bomba, na msaada utageuka hasara. Hapo ni bora klipu moja nzuri, na umwite fundi akubadilishie bomba refu zaidi.

Kwa kukaza, bisibisi huteleza. Skrubu nyingi zina kichwa cha pembe sita cha milimita 7, kwa hiyo tumia spana yake. Kaza mpaka mpira unyanyuke kidogo sawasawa pande zote za mkanda. Ukiona mpira unafinyika na kutokeza, umezidisha, rudi nyuma. Washa injini, iache ipate moto, izime ipoe, kisha kaza tena kidogo, kwa maana mpira mpya hulegea mara ya kwanza.

Ndugu wakulima, sasa nifike kwenye bei, maana najua ndilo swali lililo moyoni. W5 ni ghali kuliko W2, sikatai. Lakini hebu tuhesabu. Boti ya kikundi yenye injini moja huenda ikahitaji klipu nne tu chini ya maji, au sita. Hata kama kila moja itakuwa na bei mara tatu ya ile ya zinki, linganisha na gunia moja la mpunga lililokataliwa na mnunuzi. Sisi tulipoteza sita. Na nashukuru Mungu kwamba siku ile tulihesabu magunia, hatukuhesabu watu.

Wala sisemi ununue W5 kila mahali. Kama una pampu ya kumwagilia bustani kwenye mto, bwawani, au Ziwa Victoria, hayo ni maji baridi. Huko W2 itakutumikia vizuri ikiwa mahali pa wazi unapoiona kila siku, na W4 itakaa miaka mingi. Fedha iwekwe penye chumvi na penye hatari. Lakini kama kisima chako kiko karibu na bahari na maji yake yana ladha ya chumvi, kihesabu pamoja na bahari.

Mwisho ni matunzo. Hata W5 siyo ya milele. Kila mwezi fungua ubao wa injini. Pitisha kidole chini ya kila klipu, pale usipopaona, au tumia kioo kidogo. Ukiona mstari wa rangi ya kutu unatoka kwenye kijumba cha skrubu, au skrubu imegoma kuzunguka, usingoje. Badilisha siku hiyo hiyo. Suuza klipu kwa maji baridi ukipata nafasi, chumvi isikae ikakauka humo. Fungua na ufunge koki mara chache kila wiki ili siku ya shida isigome kama ilivyotugomea sisi. Boti ikilala bandarini, funga koki. Ila kabla ya kuwasha injini kumbuka kuifungua, la sivyo utaiunguza.

Na kando ya kila tundu la chini, funga kwa kamba kigingi cha mbao laini kilichochongwa kama kabari ya mviringo, kinachoenea tundu hilo. Mpira ukichomoka na koki ikakataa, kigingi kinapigwa tunduni na maji yanasimama. Waya tulioutumia sisi ulikuwa wa kutufikisha nchi kavu tu. Usije ukaufanya waya, wala vipande vya mpira wa baiskeli, kuwa klipu ya kila siku.

Basi nifupishe. Tazama skrubu kabla ya mkanda. Tafuta W5 kwa bahari. Chukua sumaku uende nayo dukani. Weka mbili kwenye mpira mmoja kama bomba linaruhusu. Kagua chini kila mwezi. Kigingi kiwe karibu.

Boti ile ya delta bado inasafiri. Kikundi kilibadilisha klipu zote, na safari hii nilipotumwa mjini nilikwenda na sumaku mfukoni. Wakachagua pia mkaguzi wa boti, ambaye kabla ya safari hupitisha kidole chake chini ya kila klipu, na asiporidhika magunia hayapakiwi. Mkaguzi huyo ni yule mama wa magunia manne. Nahodha mwenyewe humngoja.

Nawatakia safari njema na mavuno mema. Kwaherini, ndugu wakulima, mpaka wakati mwingine.